Wiki ya Nyama

Hakuna aliyelala na njaa kwa Ogola wiki ile mzee alipokufa. Hata mbwa walishiba, wakawa wanalala juani na mifupa mbele yao, wakitazama wageni wakiingia bila kujisumbua kubweka. Mzee mwenyewe alikuwa amekula omena na mboga maisha yake yote, kama jirani yeyote wa upande ule wa Bondo, na nyama akaiona Krismasi. Lakini alikufa akiwa na mtoto anayekaa Milimani, Kisumu, na mtu mwenye mtoto Milimani hazikwi kwa maharagwe. Amolo, mtoto huyo, alinunua fahali kabla hajauliza bei ya jeneza, na akatangaza kwamba huyo akiisha ataleta mwingine.

Dalmas, mdogo wake, alifika kesho yake kutoka mtaa wa Kaloleni, huko huko Kisumu, pamoja na mkewe Milka na binti yao Valerie, mtoto wa miaka kumi ambaye kwa umbo ungedhani ana saba. Walileta begi la nguo, mfuko wa sukari, na kikapu ambacho Milka alikishikilia mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Magdalene, mke wa Amolo, ndiye aliyekuwa akisimamia jikoni. Alikifunua kile kikapu kabla hata salamu hazijaisha.

"Hii ni nini, Mama Vale?"

"Ni alot ya mtoto. Osuga na kunde. Nitampikia kando, sitasumbua mtu."

"Umeleta biashara yako matangani?"

Wanawake wakacheka, maana kazi ya Milka ndiyo hiyo, kuuza mboga za kienyeji kando ya barabara kule Kaloleni. Magdalene hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, na mtu aliyechoka hucheka chochote. Milka naye akacheka kidogo, kama tunavyofanya wote tukitaniwa na watu tunaohitaji jiko lao.

Sababu ya kile kikapu ilikuwa kifuani mwa Valerie. Ugonjwa wa koo uliopuuzwa ulimshuka ukamharibu moyo, na madaktari wakamwekea valvu ya chuma. Damu ikipita kwenye chuma hutaka kuganda. Ndiyo maana kila jioni mtoto alimeza kidonge cha warfarini, dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na angekimeza hivyo maisha yake yote. Damu ikiwa nzito, itaganda izibe. Ikiwa nyepesi mno, itavuja isikome. Katikati ya hayo mawili pana njia nyembamba, na Milka alikuwa akipita hapo na mtoto wake tangu siku waliyotoka hospitali.

Sasa mboga za majani hushindana na dawa ile. Wagonjwa wengine huambiwa wasizizoee sana. Lakini nyumbani kwa Milka ugali haukuwa na mwenzake mwingine, kwa hiyo Shitanda, muuguzi wa kliniki kule Kisumu, alitumia akili: akaipandisha dawa kidogo kidogo mpaka ikalingana na mboga. "Bakuli moja kila siku," alimwambia Milka, huku akimwonyesha kwa mikono. "Hiyo hiyo bakuli. Usiongeze, usipunguze. Mtoto wako amepimwa na hiyo mboga. Ukibadilisha chakula, umebadilisha dawa." Milka hakuelewa yote, lakini alishika neno hilo kama watu wengine wanavyoshika Sabato.

*

Mboga za kikapuni zilinyauka upesi. Siku ya tatu asubuhi Milka alichukua ungo akaenda nyuma ya nyumba ya mkwewe, ambako Mama Dorca alikuwa na bustani nzuri ya osuga, majani mapana, ya kijani hadi ya kuonea wivu. Mama Dorca mwenyewe alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka wa mjane, na hakuna aliyemsumbua kwa habari za mboga. Milka alikuwa amechuma konzi mbili tu aliposikia mtu akikohoa. Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye fimbo na sauti ndogo.

"Weka chini," shangazi alisema.

"Ni ya Valerie, waya," Milka alisema, akimwita shangazi kwa Kijaluo. "Kidogo tu."

"Ndugu yangu bado ako mochari. Hakuna mtu anagusa shamba hapa mpaka alale chini. Jembe limewekwa, kila mtu ameweka. Wewe uliolewa wapi, hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, waya."

"Basi unataka kutuletea nini? Huyu mtoto wako si ako na shida ya kutosha?"

Milka aliweka majani chini. Jambo hili kila Mjaluo analijua, na yeye alilijua vizuri: mji wenye msiba haulimi, hauchumi, mpaka maiti azikwe. Alikuwa amejiambia kwamba majani machache si kilimo. Sasa aliyaona pale ardhini, yamekatwa na hayawezi kurudi kwenye shina, akaona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Akamtafuta kijana wa pikipiki, Frankline, akampa hela amletee mboga kutoka sokoni Bondo. Mboga zikaja. Akapanga mafiga matatu nyuma ya ghala, mbali na moshi wa wengine, akabandika sufuria yake ndogo. Na ingepita salama, kama si wakwe.

Wakwe walikuja mchana ule ule, watu wa kwao Magdalene, wamevaa vizuri, na desturi ni kwamba wakwe wakija msibani wale washibe mpaka washindwe kuinuka, ili wakirudi kwao waseme. Mzee mmoja kati yao alikwenda nyuma ya ghala kujisaidia. Akiwa anarudi akaiona sufuria, akafunua, akachungulia. Alikuwa mtu wa mizaha. Alirudi hemani akakaa, akapangusa miwani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Jameni, kula nyama hiyo polepole. Nimeona jikoni ya pili huko nyuma inachemsha alot. Naona ng'ombe ya Amolo imefika mwisho."

Hema zima likacheka. Amolo akacheka pia, kwa kuwa mwenyeji hana la kufanya ila kucheka. Lakini alikuwa mtu mkubwa wa ofisi, aliyechukua mkopo ili amzike baba yake kwa heshima, na kicheko kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wakwe walipoondoka alimwita Dalmas kando ya gari lake. Hakuna aliyesikia walichosema. Watu waliona tu Dalmas akiitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima kuitikia.

*

Jioni Dalmas alimkuta mkewe akiosha bakuli la mtoto.

"Mama Vale," alisema, "hiyo sufuria tuiache mpaka tuzike."

"Tuiache aje? Unajua ni ya nini."

"Najua."

"Shitanda alisema usibadilishe. Ulikuwa hapo, ulisikia."

"Nilisikia." Dalmas alichuchumaa karibu naye. Alikuwa fundi wa kupaka magari rangi, na kucha zake hazikuwa zikitakata hata afanyeje. "Milka, sikiliza. Kila mtu hapa ametoa kitu. Amolo ametoa ng'ombe, hema, viti. Binamu zangu wametoa mchele. Mimi nimekuja na sukari. Pesa yangu yote inaenda kliniki, na hakuna mtu ananiuliza, kwa sababu wananionea huruma. Unajua vile inauma, ndugu yako akikuonea huruma? Sasa kitu moja tu ndio naweza kumpatia baba yangu. Nisimwaibishe."

"Na mtoto?"

"Ni siku chache. Anakula nyama, anakunywa supu, mchele iko. Angalia vile amechangamka. Kwani nyama iliua nani?"

Milka angeweza kubishana na mume mkali. Alikuwa amekua na kaka wakali na alijua kujibu. Huyu alikuwa ameinamisha kichwa mbele yake akiomba, na hilo ndilo lililomshinda. Isitoshe, na hili hakumwambia mtu, kulikuwa na upande wake mmoja uliofurahi. Kwa siku chache angekuwa mke wa nyumba kama wake wengine, akate nyama nao, acheke nao, asiwe yule mwanamke wa sufuria yake peke yake.

Asubuhi alimpigia Shitanda simu, akiwa amesimama nyuma ya choo ambako mtandao unashika.

"Mama Valerie, kliniki yenu ni kesho," Shitanda alisema. "Mlete nimpime, nijue nitapunguza dawa kiasi gani."

"Tuko matangani, daktari. Baba mkwe."

"Pole sana. Lakini bila mboga hiyo dawa inabaki peke yake kwa damu. Inaenda juu tu."

"Si nimpe nusu ya kidonge?"

"Siwezi kukuambia hivyo kwa simu. Nusu inaweza kuwa kidogo sana. Unakumbuka ile siku?"

Milka aliikumbuka. Dawa ilikuwa imeadimika, wakakaa bila, na asubuhi moja Valerie akafungua mdomo kumwita mama na sauti ikakataa kutoka. Mdomo ulipinda upande na mkono ukaning'inia. Donge la damu lilikuwa limepanda kichwani. Mungu alimrudishia mtoto maneno yake, lakini alichelewa kuyarudisha, na wakati ule wa kusubiri ulimzeesha Milka.

"Mlete tu," Shitanda alisema. "Hata kama ni kwenda na kurudi siku moja."

Milka akaenda kumwomba shangazi ruhusa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, kisha akasema mwili unaletwa kesho hiyo hiyo, na mke wa nyumba hapishani na mkwe wake njiani. Atatoka mlangoni baba mwenye mji akiingia? Watu wataona nini? Magdalene, aliyekuwa hapo, alimshika Milka bega kwa upole. "Jumapili asubuhi mtaenda na gari yetu," alisema. "Nakuahidi, dada." Na alikuwa anasema kweli.

Jioni hiyo Milka alikikata kidonge katikati kwa kisu, akaviweka vipande viwili kiganjani. Kimoja kilikuwa hatari na viwili vilikuwa hatari. Alikaa navyo mpaka vikaanza kulowa kwa jasho la mkono wake. Mwishowe akampa mtoto vyote viwili, kwa kuwa hatari ya vyote ilikuwa bado hajaiona kwa macho, na ya kukosa alikuwa ameiona.

*

Lazima isemwe kwamba Valerie hakuwahi kufurahi hivyo maishani. Kaloleni alikuwa mtoto wa kuambiwa acha: acha kuruka kamba, acha kukimbia, usipande hapo, mwalimu asimpige, wenzake wasimsukume. Huku binamu zake hawakujua habari za valvu. Walimvuta mkono wakaenda naye kuchungulia jeneza lililokuja na gari lenye maua, wakamwonyesha ng'ombe akichinjwa, wakampa mfupa wenye uboho. Alikula nyama mpaka mashavu yakang'aa. Mama Dorca, kutoka kwenye mkeka wake, alimwita akamshika kidevu.

"Sasa unafanana na watu," bibi alisema. "Hiyo mboga ya mama yako ndio ilikuwa inakukausha."

Milka alisikia, akaendelea kumenya vitunguu.

Alhamisi Valerie aliona michubuko kwenye mapaja, mikubwa, ya zambarau, na hakukumbuka kugongwa. Ijumaa alikwenda haja ndogo akaona inatoka na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Alijua maana yake. Mtoto wa kliniki hujua mambo hayo mapema kuliko hesabu za kugawanya. Lakini alijua vilevile kwamba akisema, mama atasema kwa baba, baba atasema kwa baba mkubwa, na sauti zitashuka, na watu watamtazama mama tena kama siku ile ya sufuria. Akavuta gauni lishuke chini ya magoti, akaenda kucheza.

*

Jumamosi ya mazishi alikuwa akisugua meno nje ya jikoni, na povu likatoka jekundu. Akatema, akasukutua, likatoka jekundu tena. Halafu pua ikaanza. Milka alimkalisha, akamwinamisha mbele, akambana pua kama alivyofundishwa. Akabana hadi vidole vikamfa ganzi. Alipoachia, damu ikashuka kama bomba lililokuwa likisubiri. Ndipo alipofunua gauni kumpangusa, akaona mapaja.

"Tangu lini?"

"Juzi," Valerie alisema kwa sauti ya puani. "Na nikikojoa pia. Usiwaambie, Mama. Wazike kwanza."

Ibada ilikuwa imeanza. Askofu alikuwa amekaa na miwani yake, jeneza mbele, watoto wa marehemu kwenye viti vya mstari wa kwanza, Dalmas akiwa na koti la kuazima lililomzidi mabegani. Hakuna njia ya kufika mstari wa kwanza ila kupita katikati ya hema, mbele ya watu wote. Milka akapita. Blauzi yake ilikuwa na damu. Mtu aliyekuwa akisoma historia ya marehemu akasita, kisha akaendelea.

Milka aliinama kwenye sikio la mumewe. "Damu haisimami. Inatoka kila mahali. Twende."

Dalmas alimtazama. Akatazama jeneza. Akamtazama Amolo, ambaye alikuwa ameketi wima akitazama mbele kabisa.

"Ngoja tuzike," alisema kwa sauti ya chini. "Karibu waite watoto wa mzee."

"Baba Vale."

"Karibu, Milka. Si wewe unaweza kuanza? Mimi nitafuata."

Emsii mwenye kipaza sauti, kijana aliyekodishwa kutoka mjini na asiyejua nani ni nani, akasema kwa adabu yote, "Tunaomba mama aliye mbele akae chini, tuheshimu programu. Asante, mama." Watu mia kadhaa wakamtazama mama akitoka kutafuta pa kukaa.

Gari la Amolo lilikuwa limefungiwa. Mbele lilizibwa na gari la maiti, nyuma na mabasi ya wanakwaya, ubavuni na magari ya wageni wa heshima ambao madereva wao walikuwa wametawanyika kufuata harufu ya pilau. Magdalene alikuja mbio na funguo, viatu mkononi, akalia alipoona hali ile. Hakuwa amesema uongo kuhusu gari. Lilikuwa pale, na halikuweza kutoka.

Kwa hiyo ikawa Frankline na pikipiki yake. Kumpakia pikipiki mtoto ambaye damu yake haigandi ni wazimu, na Milka alijua. Alimweka katikati, akamfunga kwake kwa leso, kitambaa kimejazwa puani, na kila tuta la barabara aliliinukia kwa mapaja ili pigo limpate yeye. "Polepole," alimwambia Frankline, na baada ya kidogo, "Haraka," na baada ya kidogo tena, "Polepole." Frankline aliendesha tu.

*

Hospitali ya Bondo hawakuwa na kipimo cha wepesi wa damu, wakawapa gari na karatasi ya kwenda Kisumu. Kwenye hospitali kubwa daktari aliyewapokea alikuwa kijana, Muriuki, mwenye macho ya mtu aliyefanya kazi zamu mbili. Alisoma majibu, akayasoma tena.

"Damu imekuwa maji," alisema. "Ilitakiwa tatu hivi, hii iko tisa. Alikula nini?"

"Nyama," Milka alisema.

"Nyama na nini?"

"Nyama tu. Kulikuwa na matanga."

Daktari alifungua mdomo kumkaripia, akaiona blauzi yake, akaacha. Akamweleza kwamba ipo dawa ya kurudisha uzito wa damu, na kwamba ni vitamini ile ile iliyomo kwenye mboga. Akimpa nyingi, damu itaganda kwenye valvu na moyo utasimama. Akimpa kidogo mno, ataendelea kuvuja, na ikianza kuvujia kichwani hakuna wa kuifuata huko. Atampa kidogo, asimamishe warfarini, wapime, wangoje.

"Kwa hiyo sasa yuko salama?" Milka aliuliza.

"Mama, huyu mtoto hana salama," Muriuki alisema. Hakuwa na nia mbaya. Ulikuwa ukweli, na hakuwa amepata usingizi wa kuuvalisha nguo. "Ako na katikati tu. Tunajaribu kumrudisha katikati."

Wakangoja. Pua ilikoma usiku huo, ikaanza tena, ikakoma. Jumapili nzima Milka alimchungulia mtoto mdomo: akitabasamu, utapinda? Alimwambia ainue mikono, ashushe. Alimwuliza jina lake mpaka Valerie akachoka, akasema anaitwa Mama Dorca.

Dalmas alifika Jumatatu mchana. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, ndiyo desturi baada ya kuzika, na kipara kilimfanya aonekane kama mtu aliyetoka kuugua yeye. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda. Mtoto alikuwa amefumba macho.

"Alizikwa vizuri," Dalmas alisema.

"Vizuri."

"Wanasema turudi. Kuna kunyoa watoto na wake, na ulitoka kabla ya udongo, kwa hiyo kuna mambo ya mila ya kutengeneza. Waya amesema usiingie nyumba ya mtu mpaka yatengenezwe. Na watachinja tena." Alijipapasa kichwa. "Nimewaambia Vale asiguswe na wembe. Wakasema sawa, watakata kidogo na makasi. Lakini lazima aletwe."

"Umewaambia tutaenda?"

"Sijawaambia kitu."

Milka alitazama dirisha. Hakukuwa na kitu huko ila ukuta wa wodi nyingine. Alifikiria kwamba hakuna mtu hata mmoja katika habari hii yote aliyemtakia mtoto wake mabaya. Angekuwepo mmoja, angekuwa na wa kumchukia, na angepumua.

"Mama Vale," Dalmas alisema, "nikuambie kitu?"

"Sema."

"Ile siku ulikuja hapo hemani. Ulisema damu haisimami. Nilisikia." Alikuwa akiongea na sakafu. "Nilisikia vizuri sana. Halafu nikasema kwa roho yangu, kama ni leo, basi iwe leo. Watu wako hapa tayari. Hema iko. Ng'ombe iko. Tuwalaze wote wawili, halafu tupumzike." Akajipangusa uso kwa mkono wote. "Ndio maana sikuinuka. Si kwa sababu ya baba. Nilikuwa nimechoka, Milka. Niliketi hapo nikingoja simu."

Mwanamke mwingine angempiga. Milka mwenyewe alidhani atampiga. Aliuhisi mkono wake ukijiandaa. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli ulimshika mkono.

"Kwa pikipiki niliomba Mungu," alisema. "Nilimwambia, chukua ama uponye. Usituache hapa katikati."

Wakakaa. Hawakushikana, hawakulia. Walikuwa watu wawili walioambizana jambo ambalo halina tiba, na sasa ingewabidi walijue mpaka uzeeni.

Jioni muuguzi alikuja na kikombe kidogo cha plastiki. Kipimo kilikuwa kimeshuka, daktari amesema dawa ianze tena, nusu kwa sasa, kesho wapime. Valerie alifumbua macho bila kuitwa, wala hayakuwa macho ya mtu aliyekuwa amelala. Alijiinua kwa kiwiko, akachukua kidonge mwenyewe, akakimeza kwa maji, akatoa ulimi kumwonyesha muuguzi kwamba kimekwenda. Kisha akamgeukia baba yake.

"Usingoje, Baba," alisema taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi. "Si leo."

Dalmas alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Milka akaichukua gilasi kutoka mkononi mwa mtoto, akatoka nayo kwenda kuiosha, ingawa ilikuwa na maji tu.